Meno ya Juu ya Chelel

Walisema cheti pekee nitakachowahi kupata ni kile cha kuzaliwa. Mjomba wangu mmoja alilisema hilo sokoni Kaplong, mbele ya watu, nami nikiwa hapo hapo nimebeba kapu lake la viazi. Wengine walisema mtoto aliyeshindwa kuchunga ng'ombe mmoja asiingie kwenye mahindi ya watu hawezi kwenda kusomea ng'ombe. Nilipopata kazi Ghuba, kwenye shamba la maziwa katikati ya jangwa, walisema nitarudi ndani ya sanduku.

Nilirudi ndani ya suti. Diploma yangu ya afya ya mifugo iko ukutani sebuleni, ndani ya fremu ya kioo, na mgeni akikaa kiti chochote ataiona, maana nilivikalia vyote mimi mwenyewe kabla ya kupiga msumari. Nina ng'ombe wangu, nina mashine ya kukatia majani, na ng'ombe akikwama kuzaa, simu yangu hulia kutoka Kaplong hadi Siongiroi. Najigamba, sikatai. Aliyetoka nilikotoka mimi ana haki ya kujigamba kidogo.

Ila kila asubuhi nikiwasha mashine ile, harufu ya nepia mbichi, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, hupanda. Ni harufu tamu, kama ya tikiti lililopasuliwa, na watu husema inawakumbusha nyumbani. Mimi hunikumbusha siku tisa za darasa la tatu ambazo sikulala vizuri hata moja.

Kazi yangu imenijaza mambo madogo ambayo watu huishi nayo kila siku bila kuyajua. Huu mchai tunaouchuma ukiwa kiunoni, kwa mfano, ni mti. Uache miaka kadhaa bila kuupogoa, utapita paa la nyumba yako. Chai nyeusi na chai ya kijani ni jani moja, tofauti iko kiwandani. Naweza kumshika mtu sokoni nusu saa nzima kwa mambo ya aina hii, na mke wangu hunivuta mkono. Lakini kuna jambo moja, dogo kuliko yote, ambalo mtu yeyote mzima pale kwetu angeweza kuniambia kwa sentensi moja. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba silijui.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja, Chelel, jina ambalo kwetu ni la ng'ombe mweupe. Nasema tulikuwa naye, lakini hakuwa wetu. Alikuwa wa mzee arap Koske wa upande wa Siongiroi, rafiki ya baba tangu ujana wao. Wakipsigis wana desturi ya kumweka ng'ombe kwa rafiki. Wewe unamlisha na kunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe, na urafiki wenu unakaa hapo katikati, ukila majani. Ng'ombe wa namna hiyo akifa, huwezi kwenda kwa mwenyewe mikono mitupu na kusema amekufa. Unampelekea ngozi, aione kwa macho yake.

Mwaka ule mama alikuwa amejifungua Chebet, mdogo wangu, na maziwa ya mama hayakutosha. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa kama ya paka. Kilichomtuliza ni maziwa ya Chelel, yaliyochemshwa na kupozwa kwa kumiminwa kikombe hiki hadi kile. Kwa hiyo hata mimi, na umri wangu ule, nilijua mambo yalivyo: Chelel akiondoka, Chebet hana chakula.

Siku ya kwanza ya zile siku tisa nilikuwa nachunga kando ya barabara ya vumbi iliyopita kati ya chai yetu na shamba la Mama Moraa. Mama Moraa alikuwa Mkisii, jirani yetu, aliyekuja na mumewe kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, wakajinyima mpaka wakanunua ekari moja. Binti yake Moraa, tuliyesoma naye darasa moja, alikuwa amekaa juu ya tuta akitafuna muwa.

"Unaona ile nguzo ya ua?" nikamwambia. "Naweza kuipiga kwa jiwe nikiwa nimefumba jicho moja."

"Wewe?" akatema kapi. "Wewe huwezi piga hata nyumba ukiwa ndani."

Nikafumba jicho. Nikarusha. Chelel, aliyekuwa ameinamisha kichwa majanini tangu asubuhi, akachagua dakika ile kukiinua.

Jiwe lilimpata mdomoni. Lilitoa sauti ndogo kavu, kama mtu amegonga mlango mara moja akabadilisha nia. Chelel akatikisa kichwa, akarudi nyuma hatua mbili, na uzi wa damu ukaning'inia kutoka kwenye mdomo wake.

Moraa akashuka kwenye tuta taratibu. "Mimi sijaona kitu," akasema, kisha akakimbia.

Nilimsogelea Chelel nikimwita kwa sauti anayotumia baba wakati wa kukamua. Alikuwa mpole, akaniacha nimshike. Nikainua mdomo wake wa juu kwa vidole, kama nilivyowaona wanaume wakifanya sokoni.

Hakukuwa na meno.

Nikapangusa damu kwa shati langu la shule, nikaangalia tena. Chini alikuwa na meno manane mbele, nikayahesabu mara mbili. Juu hakuwa na hata moja. Palikuwa na ufizi mtupu, mgumu, wa kijivu, laini kama kisigino cha mtu aliyekisugua kwa jiwe la mtoni. Jiwe moja la mkono wangu lilikuwa limeng'oa meno manane yote ya juu.

Mtakaosoma haya mtacheka, hasa mliofuga. Chekeni. Mimi nilikuwa mtoto na nilimjua ng'ombe kwa mkia, kwa pembe na kwa chuchu. Sikuwa nimewahi kutazama ndani ya mdomo wake, kwa sababu nani hutazama?

Nilipiga magoti nikayatafuta. Nilikuwa nimefikiri haraka, kama watoto wanavyofikiri wakiogopa: ng'ombe akifa unapeleka ngozi, basi ng'ombe aking'oka meno unapeleka meno. Nikiwa nayo yote manane, baba angeweza kumkabidhi mzee Koske kwa heshima. Nilipapasa majani mpaka magoti yakawa ya kijani. Nikaokota vijiwe vyeupe vitatu ambavyo sikuwa na hakika navyo, nikavitia mfukoni.

Jioni, wakati wa chai, baba akasema bila kuinua macho, "Koske ametuma mtu. Jumamosi ya wiki ijayo atakuja kuangalia meno."

Kikombe kilinigonga jino.

"Meno tena?" mama akauliza.

"Ya Chelel. Anataka kuangalia meno yake."

Niliwaza, amejuaje? Kutoka kwetu hadi Siongiroi ni mbali. Nilimfikiria Moraa. Nilimfikiria Mungu, ambaye mwalimu wa Sunday school alisema anaona hata nywele. Sikuwaza kabisa kwamba watu wazima huangalia meno ya ng'ombe kila siku, kama wewe unavyoangalia saa.

Kesho yake nilianza kumkatia Chelel majani. Zamani nilimtupia nepia nzima tu, yenye urefu wa kunizidi. Sasa nililala nikimwona mbele yangu, bibi kizee asiye na meno anayekufa na njaa huku tumbo limejaa. Nilichukua panga la baba na kigogo cha mti, nikakata nepia vipande vidogo kama mama anavyokata sukuma wiki. Mkono wangu ulitoka malengelenge, na malengelenge yakapasuka. Harufu ilinijaa kwenye nywele. Nepia changa ilipoisha nikaenda kwa Mama Moraa kukopa marando ya viazi vitamu, kwa kuwa ni laini.

"Marando ya nini, Kibet?" akaniuliza.

"Ya Chelel. Nitalipa."

"Utalipa na nini, wewe kidudu?"

"Nitakuchumia chai."

Alinitazama mkono uliofungwa kitambaa. Moraa alikuwa mlangoni nyuma yake, ameivuta midomo yake miwili ndani kama anayezuia maji yasitoke. "Haya, chukua," mama yake akasema. "Na uambie baba yako anunue mashine."

Chelel alikula. Jambo hilo lingenifungua macho, lakini hofu haina macho. Kila alipotafuna nilihesabu ni kwa sababu ya panga langu. Kila alipojaribu kung'oa majani mwenyewe kando ya njia, akiyazungushia ule ulimi wake mrefu na kuyavuta, nilifikiri: ona, masikini, sasa anatumia ulimi.

Nilijaribu kutafuta mlango wa kutokea. Bibi yangu, Kogo, alikuwa na pengo mbele, meno mawili ya chini, yaliyong'olewa akiwa msichana. Zamani wote walifanyiwa. Alituambia ni ili taya la mtu likikaza kwa ugonjwa, apitishiwe maziwa hapo katikati. Hilo lenyewe ni jambo ambalo vijana wa leo hawalijui hata kidogo. Nikaona mwanga. Huenda na ng'ombe hufanyiwa, huenda naweza kusema Chelel alifanyiwa kabla hajaja kwetu.

"Kogo," nikauliza nikiwa namsaidia kuchambua mboga, "ng'ombe naye huwa anang'olewa meno?"

Kogo alicheka mpaka ule ulimi wake ukaonekana kwenye pengo. "Ng'ombe ni mtu? Ng'ombe ameenda jandoni lini?"

Kama ningeuliza swali lile kwa namna nyingine kidogo tu! Kama ningesema, Kogo, kwa nini Chelel hana meno ya juu? Nililiuliza kwa mlango wa nyuma, nikajibiwa kwa mlango wa nyuma.

Kisha nikaomba mvua ya mawe. Kwetu mvua ya mawe si mgeni. Kuna majira tunaipata mpaka tumechoka, inararua chai ikabaki vijiti, na tulizoea kuwaweka kuku chini ya kitanda. Niliwaza kwamba barafu inayotoboa jani inaweza kung'oa jino. Kila alasiri nilitazama mawingu yakijikusanya upande wa msitu, meusi chini na meupe juu, nikasema, sasa. Yalikuja, yakanguruma, yakamwaga mvua ya kawaida ya watu wote. Katika juma lile zima haikuanguka hata punje ya barafu.

Jumamosi mzee arap Koske alifika saa nne asubuhi. Alikuwa mrefu, mwenye koti zito na kofia ya kufuma, na viatu vya mpira vilivyojaa tope. Alikunywa chai yake taratibu. Aliuliza habari za mtoto, na mama akamwonyesha Chebet, aliyekuwa amenona mashavu. "Maziwa imemkubali," mzee akasema, na mama akacheka kwa furaha. Mimi nilisimama nyuma ya zizi, vijiwe vitatu mfukoni, mkojo ukinibana.

Walikuja wote wawili, baba na yeye. Mzee alimkuta Chelel akila yale majani yangu. Akainama, akachota konzi, akayaacha yapite kati ya vidole.

"Nani anakatia yeye hivi?"

"Ni huyu kijana," baba akasema. "Wiki nzima. Mpaka mkono imeisha."

Mzee akanitazama. Sikuweza kumtazama. Kisha akamshika Chelel puani, akafungua mdomo, akainamisha kichwa na kuangalia ndani muda mrefu. Muda mrefu sana. Nzi alitua kwenye kofia yake akaondoka.

"Meno imekwisha," akasema.

"Nimeona," baba akajibu kwa sauti ya chini.

"Siwezi wacha yeye hapa tena, Baba Kibet. Wewe mwenyewe unaelewa."

"Naelewa."

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Baba alifungua kamba ya Chelel yeye mwenyewe, akamkabidhi rafiki yake. Niliwatazama wakipanda kilima, koti na mgongo mweupe, mpaka michai ikawaficha. Siku chache baadaye tulisikia ameuzwa soko la Mulot. Chebet aliachishwa maziwa, akapewa uji mwembamba. Sisi wengine tukawa tunakunywa strungi, chai isiyo na maziwa. Kila Chebet alipolia nilitoka nje. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimemwondolea mtoto chakula mdomoni, na baba alijua, na alikuwa amenyamaza kwa sababu alinihurumia. Ndivyo nilivyoamini. Niliamini hivyo shule ya msingi yote na sekondari yote. Nilipomaliza kidato cha nne na baba akatangaza kwamba nitasomea mifugo, na kwamba tayari ameongea na watu wa kumkopesha karo, nilifikiri ni adhabu.

Muhula wa kwanza, mhadhiri wetu aliweka fuvu la ng'ombe juu ya meza. Fuvu jeupe, safi, lenye harufu ya dawa. Akaligeuza tuone meno, na jasho likanitoka mgongoni, kwa sababu mbele, juu, hapakuwa na kitu.

"Nani ataniambia anaona nini hapa?" akauliza.

Mimi ndiye niliyeinua mkono. "Huyu alipigwa jiwe, Mwalimu."

Darasa lilicheka mpaka madirisha yakatetemeka. Mhadhiri hakucheka mara moja. Alinitazama kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ngeni. "Kijana, hajapigwa na mtu," akasema. "Hivi ndivyo alivyozaliwa. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Mbuzi hana, kondoo hana, hata twiga hana. Ana ufizi mgumu hapo, anabana majani kati yake na meno ya chini, anakata. Na mkihesabu magego yote, ana meno thelathini na mawili. Sawasawa na nyinyi."

Walikuwa bado wanacheka. Nilitoka nje nikajifanya nakwenda msalani, nikakaa nyuma ya tangi la maji. Miaka kumi. Baadaye tulifundishwa kusoma umri kwa yale manane ya chini, jinsi yanavyoota mawili mawili, yanavyojaa, kisha yanavyolika mpaka visiki. Hapo ndipo nilipoelewa "meno imekwisha". Chelel alikuwa mzee. Mwenye ng'ombe alikuja kuangalia kama angeweza kumwacha mwaka mmoja zaidi kabla ya kumuuza, akaona hawezi. Ni hayo tu.

Sikumwambia baba. Ningeanzia wapi? Nilisoma kwa hasira, nikawa wa pili darasani, na huyo wa kwanza alikuwa na kompyuta yake mwenyewe. Nikapata diploma. Nikaenda Ghuba, nikafanya kazi katika joto linaloyeyusha soli, nikiangalia midomo ya ng'ombe maelfu, na sikuwahi kufungua hata mmoja bila kumkumbuka Chelel.

Nilirudi mwezi wa nane mwaka jana, na jambo la kwanza nililofanya ni kuwalipa waliomkopesha baba karo yangu. Baba alinipa majina kwa kichwa, hakuwahi kuyaandika. Tulitembea pamoja, yeye na fimbo yake, mimi na suti yangu. Tulianza kwa Mama Moraa, ambaye alikuwa ametoa bonasi yake ya chai ya mwaka mzima, na ambaye alinikumbusha mbele ya wajukuu zake kwamba sijawahi kumchumia chai kwa ajili ya yale marando. Nikavua koti, nikachuma mpaka kapu likajaa. Alinisahihisha vidole mara nne. Wengine tuliwamaliza kabla ya saa sita.

Wa mwisho alikuwa mzee arap Koske. Yeye alikuwa ametoa fahali, akauzwa, karo ya mwaka wa pili ikapatikana. Nilimpelekea mtamba niliyemchagua mwenyewe, wa damu nzuri, na nilimweleza mzee ukoo wake mpaka akainua mkono ninyamaze. Alikuwa ameketi kwenye kiti nje ya nyumba, kofia ile ile au ndugu yake.

"Unajua kwa nini nilikupatia ile fahali?" akasema. "Watu walinikataza. Walisema Koske, unatupa mali. Nikawaambia, hapana. Huyo kijana alikatia ng'ombe yangu majani kama anakatia mtoto wake. Mtu anapenda ng'ombe hivyo, unamnyima aje?"

"Hata mimi," baba akasema. "Ni ile mkono yake ilinifanya niseme huyu atasomea ng'ombe. Ilikuwa imetoka ngozi yote."

Wote wawili walinitazama kwa fahari. Ningeweza kunyamaza. Diploma ilikuwa ukutani, madeni yalikuwa yamekwisha, mtamba alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Lakini walikuwa wamenikopesha kwa sababu ambayo haikuwepo, nami nilikuwa nimekuja kulipa kila kitu.

"Haikuwa kupenda, mzee," nikasema. "Ilikuwa uoga. Nilimpiga Chelel jiwe mdomoni. Nikaangalia, nikaona hana meno ya juu. Nikafikiri ni mimi."

Mabega ya mzee Koske yakaanza kutikisika, kofia ikamwanguka, na akaanza kucheka kwa pumzi, bila sauti, akipiga goti lake kwa kiganja. "Baba Kibet! Baba Kibet! Tumesomesha mwoga!"

Baba hakucheka. Alikuwa ameegemea fimbo yake kwa mikono yote miwili, akinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nikirudi nyumbani na shati limechanika.

"Ile jiwe," akasema, "ulirusha kwa nini?"

Nikajikuta nimeweka mikono nyuma, nikitazama viatu vyangu vya Ghuba.

"Nilikuwa najionyesha, Baba."